Barua Taka kwa Jina Langu

Jumatano, 24 Septemba 2003

Gavana ametia saini. Nimeisoma habari hiyo gazetini nikiwa nimesimama jikoni, kahawa ikapoa mkononi. Kuanzia tarehe mosi Januari, mtu yeyote wa jimbo hili la California akitumiwa barua pepe ya biashara ambayo hakuiomba, ataweza kumpeleka mtumaji mahakamani yeye mwenyewe, na adhabu ni dola elfu moja. Si kwa mwaka wala kwa mtumaji, ni kwa kila barua. Nilimsomea mdogo wangu Sumi kwenye simu sentensi hiyo mara mbili. Akasema, "Hongera, dada," kama mtu anayempongeza mwenzake kwa kushinda blanketi kwenye bahati nasibu.

Naanza shajara hii ili nitunze hasira zangu. Nina miaka sitini na saba, na hasira za umri huu hupoa upesi usipozichochea.

Basi niandike alilonitenda. Tangu Julai kuna mtu anatuma takataka zake kwa anwani ya shamba letu, kana kwamba mimi ndiye mtumaji. Wanaume wa Ohio na Texas wanafungua kompyuta wanakuta Shamba la Kawahata, Penryn, linawaahidi vidonge vya nguvu za kiume. Barua zinazokosa mwenyewe zinarudi kwangu kwa maelfu. Wanaozipata wanapiga simu. Jana mmoja alinitukana wakati nakula uji, maneno ambayo hata marehemu mume wangu Tak hakuyasema siku trekta lilipomkanyaga kidole. Na katikati ya rundo hilo zimezama oda za persimoni zangu, matunda ninayoyakausha, ambazo watu huniagiza kwa barua pepe kila vuli. Wengine wameshaifungia anwani yangu kabisa wasisikie tena habari zangu.

Simjui jina. Namwita Bwana Taka. Atanitambua.

Jumanne, 7 Oktoba

Wapiga kura wamemng'oa gavana. Yule yule aliyenisainia sheria yangu. Nilimpigia simu Bwana Stadler, wakili mstaafu anayenunua persimoni kwetu tangu enzi za Tak, nikamuuliza kama sheria inaondoka naye. Akacheka, akasema gavana akiondoka huchukua picha zake ukutani tu. Leo nitalala vizuri.

Jumatano, 15 Oktoba

Tumeanza kumenya. Persimoni za mwaka huu ni kubwa na ngumu, zinajaa kiganja, na Sumi anamenya haraka kuliko mimi ingawa vidole vyake vimepinda kwa baridi yabisi. Tunaacha kipande cha tawi juu ya kikonyo, tunafunga uzi hapo, tunazining'iniza mbili mbili kwenye fito za banda, karibu na madirisha. Siku saba hazigusiki. Baadaye kila moja itakandwa kwa vidole, kila baada ya siku chache, mpaka sukari itoke ndani yenyewe na kuifunika nyeupe. Hiyo ndiyo hoshigaki. Mama alitufundisha, na kwa sasa katika mtaa huu tumebaki wachache mno tunaohangaika nazo.

Stadler alikuja na sheria yenyewe, ameichapisha. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kutusomea kama anahutubia jopo. Nilimuuliza kama ataniwakilisha.

"Mahakama ya madai madogo?" akasema. "Bi Kawahata, hiyo ndiyo mahakama pekee ambako wakili anafukuzwa mlangoni kama mbwa. Utasimama mwenyewe, naye atasimama mwenyewe, hatua tatu kati yenu."

Sijawahi kuambiwa neno tamu kuliko hilo tangu nifiwe. Hatua tatu. Nikamwambia asome zaidi. Akasoma kifungu kinachosema haitabanwa shingo ya mtumaji peke yake. Mwenye bidhaa, yule ambaye tangazo limetumwa kwa faida yake, naye anabanwa vile vile, hata kama hakugusa kompyuta.

"Safi," nikasema. "Wabanwe wote wawili. Yule wa kulipa ndiye mchafu zaidi, maana mwenzake ana njaa, yeye ana tamaa."

Sumi alijikata dole gumba. Kidonda kidogo, lakini alikwenda kunawa akakawia sana.

Jumapili, 19 Oktoba

Mvua ya kwanza. Nimewasha mapangaboi bandani.

Alhamisi, 23 Oktoba

Jana Seneti huko Washington imepitisha muswada wake dhidi ya barua taka, na hakuna hata mmoja aliyepinga. Nikafurahi, nikadhani sasa tutakuwa na marungu mawili. Stadler hakufurahi. Alisema watu wakikubaliana wote, kaangalie nani amewaandikia. Nimemwambia uwakili umemharibu akili.

Tumekanda kwa mara ya kwanza. Ngozi imeshika, ndani bado maji. Unabonyeza polepole, kama unampapasa mtoto tumbo, ukizidisha unaipasua.

Jumanne, 28 Oktoba

Kukanda tena. Mikono ikifanya kazi hiyo akili inakuwa huru, na ya kwangu inakwenda mahakamani Auburn. Namwona Bwana Taka. Leo nimempa sharubu nyembamba na suruali iliyobana. Hakimu anamuuliza kama anamfahamu huyu mama. Anasema hamfahamu. Nasema, "Basi ilikuwaje ukatembea na jina langu nchi nzima?" Hapo anaanza kutokwa na jasho. Nimemfanya alie mara nne kabla ya chakula cha mchana.

Nilimsimulia Sumi. Kwa kawaida angenitania kwamba nimemnyima huyo maskini hata kiti. Leo alisema labda mtu huyo hakujua atamwumiza nani. Nikamwambia mwizi wa kuku naye hajui jina la kuku.

Jumamosi, 1 Novemba

Mvua. Wanaume watatu wamepiga simu. Wa tatu alitaka kununua.

Jumatatu, 3 Novemba

Sijui niandike nini kwanza.

Asubuhi alipiga simu Bi Ottilie wa Fresno, mteja wetu wa miaka mingi, mwanamke mpole. Alikuwa anaomba radhi. Alisema ameifungia anwani yangu tangu majira ya joto kwa sababu ya vile vidonge, na sasa anataka boksi zake mbili kama kawaida. Kisha akasema inasikitisha, maana ile barua ya kwanza kabisa ilikuwa nzuri. Nikamuuliza barua gani. Ile ya persimoni, akasema, ya mwezi Juni, ambayo hata mkwe wake aliipata, na majirani, na watu wasionifahamu kabisa. Ilisema hoshigaki zilizokandwa kwa mikono ya dada wawili wasioachana.

Mimi sikuandika barua yoyote Juni. Na duniani kuna mtu mmoja tu anayetuita dada wawili wasioachana.

Nilimshukuru Bi Ottilie, nikaandika oda yake, nikaenda bandani kukanda. Nimezipasua tisa.

Jumanne, 4 Novemba

Sumi alikuja saa mbili kama kila siku, ameleta mkate. Nilimwacha akae, avae aproni, aanze kazi. Nilitaka mikono yake iwe mahali ninapoiona. Ndipo nikamuuliza ni nani aliyetuma barua ya Juni.

Hakujaribu kudanganya, na hilo lilinikasirisha zaidi, maana nilikuwa nimejiandaa kumkamata katika uongo. Alisema mwezi Mei, kwenye maonyesho ya biashara kule uwanjani Auburn, alikutana na mwanaume mmoja mwenye tai na meza safi, jina lake Garth Lindell. Alikuwa anawafikishia watu matangazo yao kwa barua pepe. Alimwambia Sumi kwamba ana orodha ya watu wanaopenda vyakula vya asili, na wote wameomba kuletewa habari. Sumi alimlipa, akampa maneno aliyoyaandika mwenyewe, na akampa anwani ya shamba ili wateja wajibu huko. Alilipa mpaka mwisho wa msimu. Lindell alituma ya persimoni. Kisha akaona anwani ni nzuri, ya shamba la kweli, haijashukiwa na mtu, akaanza kutumia hiyo hiyo kwa wateja wake wengine wote. Vidonge vilipoanza, Sumi alimpigia simu. Simu ilikuwa imekatwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniua, dada."

"Sasa unadhani nitafanya nini?"

Akaweka chini persimoni aliyokuwa ameishika, taratibu, asiiumize. "Mwaka jana ulibakiwa na nusu ya mzigo. Ulisema mbele ya Stadler kwamba ukipata mtu wa kung'oa miti utamlipa. Nilikusikia. Ile miti alipanda baba. Mimi nilidhani ni kama kubandika karatasi kwenye ubao wa matangazo hekaluni. Karatasi kubwa tu, na ubao mkubwa."

"Ubao," nikasema. "Umenibandika mimi kwenye ubao. Nchi nzima inajua nauza nini."

Nilimwambia mengine ambayo siyaandiki hapa. Nilimwambia vidole vyake vilivyopinda ndivyo ulivyo moyo wake. Hapo ndipo alipovua aproni. Aliikunja vizuri, akaiweka juu ya ndoo, akaondoka kwa miguu, na gari lake likabaki uani kwangu hadi jioni alipokuja kulichukua bila kugonga mlango.

Nilikuwa namtafuta adui Florida, au Urusi. Kumbe alikuwa anakunywa chai yangu.

Jumatano, 5 Novemba

Amekuja. Saa mbili kamili. Amekaa meza ya mwisho, amenipa mgongo, ameanza kukanda. Sikusema neno. Naye hakusema. Saa sita akaondoka.

Ijumaa, 7 Novemba

Vivyo hivyo.

Jumapili, 9 Novemba

Mvua siku tatu mfululizo. Kuvu imeingia kwenye fito za upande wa kaskazini. Nimetupa ndoo mbili. Sumi alileta hita yake ya chumbani akaiwasha bila kuniomba ruhusa. Hita ni nzuri. Nimeiacha iwake.

Ijumaa, 14 Novemba

Nilikwenda kwa Stadler kumuuliza jambo la "rafiki yangu mmoja". Rafiki huyo alimlipa mtu amtangazie mali yake, na mtu huyo bado anaendelea kutuma. Sheria ikianza Januari, rafiki atakuwa wapi?

Stadler aliniangalia juu ya miwani. Akasema rafiki yangu atakuwa mahakamani, hatua tatu kutoka kwa kila mtu aliyeletewa tangazo, na wenye hasira kama zangu ni wengi. Shamba la rafiki yangu lingeweza kuuzwa mara kadhaa. Nilimuuliza kama itasaidia rafiki kusema hakujua. Akasema, "Wewe mwenyewe ungemsikiliza?"

Nisingemsikiliza. Ningetaka amalizwe. Nimekaa ndani ya gari nje ya nyumba yake kwa muda, wiper zinakwenda. Tangazo la persimoni bado linatoka, Bi Ottilie amesema mkwe wake amelipata tena wiki hii. Sheria niliyoiombea usiku na mchana inakuja kunila mimi, na aliyeiwekea sahani ni Sumi. Leo nimemchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Bwana Taka ni mwizi tu. Sumi ni wangu.

Jumamosi, 22 Novemba

Stadler amenipigia kabla sijavaa. Usiku Bunge la Washington limepitisha muswada wao. Haujamalizika bado, kuna kurudi Seneti, lakini amesema hautazuilika. Na ndani yake kuna kifungu: sheria za majimbo juu ya barua taka zinafutwa, isipokuwa zile zinazohusu uongo na udanganyifu. Mtu wa kawaida hatakuwa na haki ya kushtaki. Watakaoweza ni serikali na kampuni zinazouza huduma ya mtandao. Mtumaji ataruhusiwa kukutumia takataka, ili mradi aseme ukweli yeye ni nani na akupe mahali pa kumwambia aache.

"Yaani mimi ndiye nimwombe?" nikauliza.

"Kwa adabu," akasema Stadler.

Alhamisi, 27 Novemba

Sikukuu ya Shukrani. Nimekula peke yangu. Sumi aliacha mlangoni sahani ya bata mzinga na wali na kachumbari ya figili. Nimeila yote. Sikumpigia simu.

Jumanne, 2 Desemba

Sukari imeanza kutoka kwenye zile za mwanzo. Nyeupe, nyembamba, kama vumbi la unga. Sumi ameziona pia. Aligeuka kunitazama, kisha akarudi kwenye meza yake.

Jumapili, 14 Desemba

Leo kwenye hekalu letu la Kibudha tumetwanga mchele wa mochi kwa ajili ya mwaka mpya. Wanaume wanatwanga kwa nyundo za mbao, wanawake tunafinyanga keki zikiwa bado za moto. Kila mwaka ni siku ya kicheko. Mwaka huu kicheko kilikuwa changu. Mzee Hamaguchi, ambaye hajanyanyua nyundo miaka kumi, aliinyanyua na kutwanga mara sita, kisha akasema kwa sauti, "Asante, Haruye. Vidonge vyako vinafanya kazi." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata kuhani wa hekalu alijifuta macho.

Nilicheka nao. Ningefanya nini. Lakini nilikuwa namtazama Sumi. Alikuwa mwisho wa meza, unga hadi viwikoni, anajua kwamba neno lake moja lingenivua aibu hiyo na kumvisha yeye. Alifinyanga keki ile ile mpaka ikawa kama jiwe. Hakusema.

Nilimkosea hesabu. Nilidhani kilichomfunga mdomo ni kuniogopa mimi. Kumbe anawaogopa wote.

Jumanne, 16 Desemba

Rais ametia saini. Inaanza tarehe ile ile, mosi Januari. Sheria yangu imekufa kabla ya kuzaliwa.

Mama alikuwa akisema saini ya Washington huanguka Penryn kabla wino haujakauka. Yeye alikuwa na maana ya mwaka wa arobaini na mbili, wakati wa vita, sisi wenye asili ya Kijapani tulipopakiwa kwenye mabasi kupelekwa kambini, tukaacha matunda mtini. Hili si lile, na angenizaba kofi kwa kulitaja pamoja. Lakini leo nimeyasikia maneno yake.

Nimepona. Shamba limepona, hakuna atakayetushtaki kwa tangazo la Sumi. Naye Lindell amepona. Tumepona wote watatu kwa kalamu moja, na sijawahi kukasirishwa na wokovu kiasi hiki. Nilitupa kikombe. Kilikuwa cha bei rahisi, nilikichagua.

Jumamosi, 20 Desemba

Boksi za mwisho zimeondoka. Theluthi ya mzigo imebaki.

Alhamisi, 1 Januari 2004

Ukungu mzito, sioni hata lango. Nimekula supu ya mochi. Leo ilikuwa niwe mahakamani, moyoni mwangu. Nimesafisha kabati.

Alhamisi, 8 Januari

Naandika haya juu ya goti, mbele ya kompyuta, kwa hiyo niwie radhi kwa mwandiko huu.

Saa nne asubuhi imeingia barua pepe. Wino wa printa, bei nafuu. Nilikuwa naifuta kama ninavyofuta nyingine, jicho likashuka chini kabisa. Pale chini, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba tangazo hili limetumwa kwa kufuata sheria mpya ya nchi. Kwamba nikitaka kuacha kuletewa nibonyeze hapa. Na kwamba mtumaji ni Garth Lindell, akafuata na namba ya nyumba, Njia ya Mlozi, Roseville.

Sheria yao inamlazimisha aandike anakokaa. Ni mtu wa tai na meza safi, anapenda kuonekana halali, na ameandika. Na kwa kuwa anwani yangu imo kwenye orodha yake, ameniandikia mimi.

Mwendo wa dakika ishirini. Miezi yote hii alikuwa dakika ishirini kutoka hapa, kwenye zile nyumba mpya walizojenga baada ya kung'oa milozi.

Ijumaa, 9 Januari

Stadler ameisoma mara mbili, akavua miwani. Akasema sheria mpya imefuta adhabu ya kutuma takataka kama tulivyoitaka, lakini haikumsamehe mtu anayetembea na jina la mwenzake. Kosa hilo lina umri mkubwa kuliko kompyuta. Kuharibia mtu jina la biashara, hasara inadaiwa kwenye mahakama ile ile ya madai madogo.

"Nilikwambia hivyo Oktoba," akasema. "Ukasema ni kidogo. Ulitaka ile ya elfu kwa kila barua."

"Oktoba sikuwa na mlango wake."

"Sasa unao."

Tulikwenda Auburn kufungua dai. Karani dirishani alikuwa mchangamfu, akanipa tarehe ya Februari. Kisha akauliza nani atapeleka samansi. Nikasema mimi, kwa furaha. Akasema hapana. Mdai haruhusiwi kumpelekea mdaiwa kwa mkono wake. Lazima awe mtu mzima mwingine asiye sehemu ya kesi. Stadler alinyoosha kola yake, akajitolea. Nilimshukuru, nikamwambia nitafikiria.

Nimefikiria njia nzima ya kurudi. Hakimu atauliza Lindell aliipataje anwani yangu. Lindell atasema alipewa, tena alilipwa. Na atasema ukweli.

Saa kumi na moja nimegonga kwa Sumi. Mara ya kwanza tangu Novemba. Alifungua akiwa na kitambaa cha vyombo begani, na hakunikaribisha, alisogea tu pembeni nipite. Niliweka samansi mezani. Nikamweleza. Nilimwambia mahakama ni ya wazi, na Hamaguchi hana kazi siku za wiki, atakuja na nusu ya hekalu kwa basi dogo. Nilimwambia wote watasikia.

"Unataka nipeleke mimi ili unikomoe," akasema.

"Ndiyo," nikasema. Sikuona sababu ya kudanganya. "Na pia kwa sababu simjui sura. Wewe unamjua."

Akasugua dole gumba lake. "Wewe dada, huwa huwezi kumwadhibu mtu mara moja, ukaridhika."

"Sijawahi kujaribu."

Akacheka kidogo puani, bila kutaka. Kisha akauliza saa ngapi.

Jumamosi, 10 Januari

Tumekwenda asubuhi. Ukungu barabara nzima, nimeendesha nikiufuata mstari mweupe. Sumi alikuwa amevaa koti lake la mazishi. Sikumuuliza kwa nini.

Njia ya Mlozi haina mlozi hata mmoja. Nyumba zote zinafanana. Ya kwake ina mpira wa kikapu uani na taa za Krismasi ambazo hazijashushwa. Niliegesha ng'ambo, nikateremsha dirisha. Sumi alivuka na bahasha, akagonga.

Alitoka mwanaume mnene wa miaka arobaini hivi, soksi miguuni, bila sharubu. Nilijisikia kuibiwa, baada ya kazi yote ya kumchora. Alitabasamu mara moja.

"Bi Sumi! Persimoni ziliuzika?"

"Wewe ni Garth Lindell?"

"Si unanijua."

"Nataka uliseme jina lako mwenyewe."

Akalisema, bado anatabasamu. Sumi akamwekea karatasi mkononi. Niliona akisoma mstari wa juu, na uso wake ukabadilika polepole, kutoka juu kwenda chini.

"Kawahata? Hii ni nini? Wewe ndiye uliyenilipa."

"Ndiyo, mimi," Sumi akasema, kwa sauti iliyomfanya jirani aliyekuwa anatoa takataka ageuke. "Mimi ndiye niliyekulipa, na mimi ndiye niliyekupa anwani ya dada yangu. Nitalisema hilo Auburn mbele ya hakimu na mbele ya watu wote ninaosali nao. Nimeshaanza kulizoea. Wewe andaa lako."

Lindell akatazama juu ya bega la Sumi, akaniona kwenye gari. "Na yule ni nani?"

"Yule?" Sumi akasema. "Ndiye muuzaji wako wa vidonge."

Nilikuwa na hotuba. Niliitunga tangu Septemba, niliikanda pamoja na matunda, ilikuwa na mwanzo na katikati na mahali pa yeye kulia. Haikutoka hata neno. Nilimtazama tu, naye akanitazama, mwanamke mzee ndani ya gari la shamba, na nadhani katika mamilioni yote ya watu aliowaandikia mimi ndiye wa kwanza aliyewahi kumwona akiwa na uso.

Sumi alirudi akaingia. Alitaka kufunga mkanda, akashindwa. Nikamfungia mimi. Akasema twende. Nikamwambia, "Subiri kidogo, dada." Lindell alikuwa bado amesimama mlangoni na soksi zake, anasoma, na sikutaka kuondoka kabla hajafika ukurasa wa pili.